Kofi, Kaptembwo na daftari la mieleka

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na wawili watatu mmeshaniandikia kuuliza iko wapi. Inakuja. Leo lakini hakuna kodi (za kompyuta, zile nyingine tutalipa kama kawaida). Leo naomba ruhusa niandike kuhusu mieleka. Ndiyo, ile ya kwenye runinga, ya wanaume wazima waliovaa kaptura za kung'aa wakirushana juu ya kamba. Anayetaka kucheka acheke sasa, akimaliza tuendelee.

Hifadhidata yangu ya kwanza haikuwa MySQL. Ilikuwa daftari la kurasa 96 tulilolipiga mistari kwa rula, mimi na rafiki yangu wa ploti ya pili, hapa Kaptembwo. Safu zilikuwa tano: tarehe, bingwa, mpinzani, aliyeshinda, na ya mwisho tuliiita "alivyoshinda", ambamo tuliandika mambo kama "kiti" au "refa alikuwa amelala". Mwandiko ulikuwa wake kwa sababu wangu ulifanana na nyayo za kuku. Kazi yangu ilikuwa kukumbuka.

Tulikuwa tukitazama kwenye banda la video la mabati, shilingi 10 mtu, benchi za mbao, mapazia ya blanketi ili jua lisiingie. Mchana zilikuwa filamu za mapigano, jioni mpira, na siku ya mieleka hakukuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Kipindi kilitufikia kikiwa kimechelewa wiki kadhaa, lakini hilo halikutusumbua kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutuambia matokeo. Saiba ilikuwa mjini, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na dakika za intaneti ni pesa ya kuingia bandani mara nyingi tu.

Swali lilikuwa lile lile kila wiki: ni ya kweli ama ni maigizo? Rafiki yangu alikuwa tayari kupigana nawe (kwa kweli, si kwa maigizo) ukisema ni maigizo. Wakati huo hatukujua kwamba jibu lilishatolewa zamani. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, iliyoitwa WWF kabla ya kuwa WWE mwaka 2002, iliiambia Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani na si mashindano. Haikuwa kuungama dhambi. Walikuwa wanataka kuondolewa kwenye sheria na ada zinazosimamia michezo kama ndondi. Kumbe siri ya miaka mingi iliuzwa kwa ajili ya kupunguza gharama! Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye kampuni ya programu ataelewa.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo la kitaalamu kidogo. Kujua kwamba mshindi amepangwa hakujaniharibia utamu, kumeniongezea. Fikiria kazi yao. Una kipindi kila wiki, hewani moja kwa moja, hakuna mapumziko ya msimu kama ligi ya mpira. Raw ilianza Januari 1993 na SmackDown mwaka 1999, na hadi leo hazijakoma. Una tarehe moja isiyosogea, WrestleMania. Kila kitu kingine kinasogea: watu wanaumia, wanaugua, wanagombana na mwajiri. Ni kama kutoa toleo jipya la programu kila Jumanne mbele ya watumiaji milioni kadhaa, bila seva ya majaribio, na watumiaji wenyewe wako ukumbini wakikupigia kelele. Wakinyamaza, umekosea. Wakimshangilia mtu uliyemwandika kama msindikizaji tu, una kasoro kwenye mfumo, na mwenye akili anaigeuza kasoro hiyo kuwa sehemu ya programu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 2019. Lakini kabla ya 2019 kuna 2008.

Sitaandika mengi. Aliyekuwa Nakuru anajua, na asiyekuwa anaweza kusoma ripoti ya Tume ya Waki, iliyohesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nakuru mjini palikuwa pametulia mwanzoni, tukadhani tumepona. Kisha ikaja wiki ya mwisho ya Januari. Moshi, mapanga, amri ya kutotoka nje usiku, helikopta. Banda la video likaungua pamoja na nyumba zilizolizunguka. Sitataja makabila, langu wala lake. Inatosha kusema kwamba kwenye benchi zile tulikuwa tumekaa miaka yote bila kuulizana, na ghafla mtaa mzima ukawa unajua nani ni nani.

Familia ya rafiki yangu ilipakia vitu kwenye lori asubuhi moja kwenda uwanja wa maonyesho, walikokuwa wamekusanyika waliofukuzwa makwao. Godoro, jiko, mashine ya cherehani ya mama yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitazama. Sikutoka. Nyumbani waliniambia nisitoke, ni kweli, lakini sikuhitaji kuambiwa. Niliogopa majirani wataniona namuaga nani.

Daftari lilibaki kwangu. Mstari wa mwisho kwa mwandiko wake ulikuwa tayari umepigwa rula: "Royal Rumble, 27 Januari 2008", na kwenye safu ya aliyeshinda ameandika kwa penseli "Undertaker", maana tulikuwa na desturi ya kubashiri kwa penseli na kuthibitisha kwa kalamu. Usiku huo, wanaume 30 walipokuwa wakirushana nje ya ulingo mjini New York, sisi tulikuwa chini ya vitanda. Aliyeshinda alikuwa John Cena, aliyeingia wa 30 na wa mwisho akiwa ametoka kwenye jeraha ambalo kila mtu alidhani lingemweka nje miezi mingi zaidi. Nilikuja kujua baada ya muda mrefu. Sikuandika.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 22 Januari 2008, kijana mmoja mzaliwa wa Ghana alikuwa ameonekana kwa mara ya kwanza kwenye runinga ya WWE. Jina la ulingoni Kofi Kingston. Walimtangaza kama mtu wa Jamaika! Mzaliwa wa Ghana, jina la Kofi, halafu anaambiwa aongee kama Mjamaika. Uigizaji huo uliachwa mwaka uliofuata, lakini alibaki wa pembeni miaka 11: anashinda mikanda midogo, anacheka, anaruka vizuri, anapoteza inapobidi.

Mwezi Februari 2019 mwanamieleka aitwaye Mustafa Ali aliumia siku chache kabla ya pambano alilopangiwa. Ilibidi mtu achomekwe haraka. Wakamchomeka Kofi. Kiraka, kwa lugha yetu. Tarehe 12 Februari alisimama ulingoni zaidi ya saa nzima, akamwangusha bingwa mwenyewe Daniel Bryan, akamwangusha Jeff Hardy, akamwangusha Samoa Joe, mpaka AJ Styles akammaliza akiwa hana pumzi. Ukumbi ukalipuka. Wiki ile ile akafika hadi wawili wa mwisho kwenye lile pambano alilochomekwa, akashindwa. Kuanzia hapo mashabiki hawakutaka kusikia jina lingine.

Waandishi wa kipindi wakafanya jambo la kikatili na la busara: wakakataa. Kila wiki Vince McMahon, mwenye kampuni, alitoka na kusema hapana. Akampa nafasi mtu mwingine. Akamwambia ashinde watu watano usiku mmoja. Akawashinda. Akaongezewa wa sita, bingwa mwenyewe, akashindwa. Wiki iliyofuata wenzake wawili, Big E na Xavier Woods, wakapigana na jozi baada ya jozi kumtafutia nafasi hiyo. Mimi, mtu mzima mwenye mkopo wa benki, niliamka saa tisa usiku kila Jumatano kutazama haya. Na nilikuwa nimeandika programu ndogo ya mistari 40 ya kufuta majina ya wanamieleka kwenye kurasa za habari, nisije nikaona matokeo siku nikilala. (Ilifuta pia habari zote za Kofi Annan. Sikuirekebisha.)

Katikati ya Machi nikapata ujumbe kwenye Facebook. Jina nililitambua, picha sikuitambua. Ana kitambi siku hizi.

"Niaje. Unaona vile wanamfanyia Kofi?"

Miaka 11, na hilo ndilo la kwanza. Nikajibu naona. Akauliza, "Ile daftari bado iko?" Nikampigia picha ukurasa wa mwisho. Alinyamaza siku mbili.

Tukakubaliana kutazama WrestleMania pamoja kwa simu. Ilikuwa New Jersey, jioni ya Jumapili tarehe 7 Aprili. Kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Yeye alikuwa kwake, mji mwingine, mimi Kaptembwo. Saa zile za mwanzo tuliongea kuhusu watoto, kazi, bei ya unga. Pambano lao lilikuwa bado mbali. Karibu saa kumi, bila kubadilisha sauti, akasema, "Nilikuona dirishani siku ile."

Nikasema najua. Sikuwa najua. Kisha nikasema sikujua, na kwamba ningepaswa kutoka. Akasema, "Ungetoka ungefanya nini, na hizo miguu zako?" Tukacheka kidogo. Baadaye akaongeza kwamba mama yake aliuliza habari zangu kule uwanjani, zaidi ya mara moja. Hapo hakukuwa na kicheko.

Sasa kuna tatizo la kiufundi ambalo sikulifikiria. Video ya moja kwa moja kwenye intaneti si ya moja kwa moja. Inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, sita au kumi, na simu yako inangoja vipande kama vitatu vijae kabla ya kuanza kuonyesha. Mtandao ukikwama, kinyume na runinga, haurukii mbele. Unaendelea pale ulipoachia, ukiwa nyuma zaidi. Kufikia pambano la Kofi, yeye alikuwa mbele yangu kwa karibu nusu dakika. Alikuwa akiguna kabla sijaona ngumi. Nikamwomba anyamaze kabisa, asiseme neno.

Akanyamaza. Pambano lilipita dakika 20. Nikiwa bado namwona Kofi amelala chini, nikasikia kwenye simu kelele ya ukumbi wake, halafu kiti kikiburutwa, halafu mtu mzima anayejaribu kulia bila sauti. Kwa hiyo nilijua. Nilijua sekunde 30 nzima kabla ya kuona ule mguu ukimpata Bryan kichwani, refa akihesabu moja, mbili, tatu, na wale watoto wa Kofi wakiingia ulingoni. Mke wangu alitoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Nikachukua daftari. Mstari wa 2008 kwanza: nikathibitisha kwa kalamu, John Cena, na penseli yake ya Undertaker nikaiacha ilivyo. Kisha mstari mpya. Yeye akanisomea: bingwa Daniel Bryan, mpinzani Kofi, aliyeshinda Kofi, alivyoshinda "teke". Tukakwama kwenye tarehe. Mimi nilisema 7 Aprili, maana matukio huandikwa kwa saa za pale yalipotokea. Yeye alisema 8 Aprili, maana ni hapo tulipoyaona, na daftari ni la Kaptembwo. Nikamweleza habari za saa za kimataifa, jinsi seva zinavyohifadhi muda mmoja na kumwonyesha kila mtu kwa saa zake. Akasema hiyo mwandikie mzungu. Nimeandika 8.

Ubingwa wa Kofi ulidumu siku 180. Tarehe 4 Oktoba 2019 Brock Lesnar alimwangusha chini ya sekunde 10, na rafiki yangu alinipigia simu asubuhi kunikataza nisiandike. Nimeandika. Kwa penseli.