Kusoma Nyumbani au Kuhamia Dar es Salaam

Mwaka juzi tulifikiwa na shauri ambalo walimu wengi wa rika letu wanalifahamu. Tunayo stashahada ya ualimu, nasi twafundisha katika shule ya kijiji chini ya Mawenzi. Tukatamani kupata shahada. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuomba ruhusa ya masomo, kushuka Dar es Salaam na kukaa huko miaka mitatu. Ya pili ni kujiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kusoma hapa hapa nyumbani, na kwenda Moshi mjini kwa mitihani.

Ndugu zetu wakaao Dar es Salaam, walipopanda kwetu kwa Krismasi, walitusihi sana tufuate njia ya kwanza. Wakatusimulia habari za Mlimani, maana ndivyo watu wakiitavyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa sisi tuliozaliwa hapa twaona haya kukiita kilima kile mlima. Sifa zake ni za kweli. Kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo hata hao wa kwanza walisoma pwani, na chuo chao kikuu kilikuwa ng'ambo.

Tukaketi na mama watoto, tukahesabu. Chumba kimoja, ndugu walituambia, ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita mbele. Yaani shilingi 600,000 kabla hujaingiza kitanda. Tena nauli ya daladala kila siku, tena maji, tena ndizi za kununua, nasi hapa twazikata mgombani. Mshahara mmoja ungelisha nyumba mbili. Na mama yetu amepita miaka sabini, na darasa la saba wangebaki bila mwalimu wa hesabu. Basi tukachagua Huria, tena kwa furaha, kama watu waliookota fedha njiani.

Wala hatukuona kuwa ni jambo geni. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa mwalimu wa hesabu kama sisi. Hata kabla yake, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana kwa maelfu walifanywa walimu kwa kufundisha huku wakijifunza, kwa masomo ya posta na ya redio. Mwalimu aliyetufundisha sisi a, e, i, o, u alikuwa mmoja wao, na hatukumwona kuwa na upungufu.

Walakini tulikuwa tumekosea hesabu. Hatusemi juu ya simu, ingawa mtandao hupatikana vizuri chini ya mringaringa ulio karibu na kanisa tu, na mvua za Aprili si rafiki wa mtu asomaye chini ya mti. Hilo huzoeleka. Taabu yetu ilikuwa neno moja: "Mwalimu yupo." Mfereji umeziba, Mwalimu yupo. Kuna msiba na daftari la michango linataka mwandishi, Mwalimu yupo. Jioni moja tumefungua kitabu mezani, mama akasimama mlangoni na kusema kwa upole, "Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, nishikie huyu ndama." Tukamshika. Muhula ule tulianguka mitihani miwili.

Hapo ndipo tulipofahamu mtu alipacho kodi Dar es Salaam. Halipii kuta na bati tu. Hulipia mlango uwezao kufungwa. Aliyesafiri huheshimiwa kuwa yu masomoni, hata akilala mchana kutwa. Aliyebaki huonekana amekaa tu, hata akisoma hadi jogoo awike. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa kifungoni. Yeye mlango alifungiwa na wengine, wala hatutamani bahati ya namna hiyo.

Tukaanza tena kuwaza safari. Tukamwambia mama watoto kwamba labda tuuze ng'ombe mmoja. Hakujibu usiku ule. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu mkuu, wala hatukumtuma, akaomba ufunguo wa chumba cha darasa la nne, kwa sharti kwamba umeme wa LUKU wa jioni tutaununua sisi. Tangu siku hiyo, mtu ajapo nyumbani kutuulizia, humjibu, "Mwalimu amekwenda masomoni." Akiulizwa atarudi lini, husema, "Saa tatu usiku."

Watu walicheka, kisha wakazoea. Baba yetu mdogo alikuwa wa mwisho. Alikuja na shauri la mpaka wa kihamba, akasimama dirishani pa darasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huko masomoni kumbe ni karibu hivi?"

"Ni mbali, baba."

Akatutazama kitambo, tumekalia dawati la watoto, magoti yamefika kifuani. Akaenda zake bila kulitaja shauri la mpaka.

Hatutaki kuwadanganya ninyi mnaolipima jambo hili. Watoto wetu hula bila sisi siku tano za juma. Wa kubishana naye juu ya yale tusomayo hatukuwa naye, mpaka tulipompata muuguzi mmoja wa zahanati asomaye chuo hicho hicho. Naye twakutana Jumamosi tu, akiwa hana zamu. Kule Mlimani wangekuwapo watu mia bwenini.

Mitihani ile miwili tumeirudia. Mmoja tumefaulu, matokeo ya wa pili bado. Na juma lililopita mdogo wetu wa Dar es Salaam ametuandikia kwamba jirani yake anahama, na chumba ki wazi.