Mfiwa wa Mwambani

Ukiingia Siyu, kisiwani Pate, kwa mashua, hufuata mkono wa bahari katikati ya mikoko, mpaka ngome ikutokee mbele. Panda mjini, utafute gofu ambalo kizingiti chake kimebanduka chokaa, uliguse jiwe. Utaona vitundu vidogo vilivyosongamana, kila kimoja nyumba ya kiumbe aliyeishi baharini. Hilo ni tumbawe.

Wataalamu huiita aina hii Porites. Wahenga walilijua kwa kazi yake: likitolewa baharini bichi huchongeka, likikauka huwa gumu. Pale Shanga, jirani ya Siyu, msikiti ulijengwa kwa tumbawe hili tangu karne ya 10. Hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Shibiri moja ya kizingiti, basi, ni miaka 20 hivi ya bahari.

Mwaka 1998 bahari iliingia joto. Matumbawe hulishwa na mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaoishi mwilini mwake. Joto likizidi huutoa, yakabaki meupe pe, na joto likidumu njaa huyamaliza. Kwenye miamba mingi ya Kenya, matumbawe mengi yaliyokuwa hai yalikufa, na Kiunga, kaskazini mwa kisiwa cha Pate, haikusalimika. Ya matawi yalikufa kwa wingi. Porites, la mviringo kama jabali, mara nyingi lilipona.

Tukishasema "lilipona" huona habari imekwisha. Siyu haioni hivyo. Huu ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi. Bwana Mataka, mtawala wa hapa, alimgomea Seyyid Said wa Zanzibar. Leo nyumba za mawe zilizosimama zimepakana na vifusi. Mzee anayeketi barazani mkabala na gofu amepona pia, lakini mlango wa pili hauna tena wa kuitikia hodi.

Kwetu pole hapewi maiti, hupewa mfiwa. Nami pole yangu naipeleka kwa tumbawe lililobaki, linaloendelea kuongeza sentimita yake pale ambapo matawi ya jirani, maficho ya samaki wadogo, yamekuwa vifusi.

Nahodha, ukitafuta pa kutia nanga, liepuke lile jabali la mviringo. Hapo pana mwenye msiba.