Sista Amechoka, Si Mkali

Ndugu zangu wa Tanga,

Lawama za huko nyumbani dhidi ya wauguzi hutufikia hata sisi tulio mbali, huku Uingereza: masista wakali, hawana utu, wito umewatoka. Kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani, naona lawama hiyo haiwastahili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa kazini, uitwao kwa Kiingereza burnout, si ugonjwa. Hutokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Anayeupata huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi, kisha huona hana tena analoliweza. Huko kujitenga ndiko sisi tunakokuita ukali.

Itazameni kazi yenyewe. Wagonjwa wetu wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa, na kwa wanawake inayoongoza ni ya shingo ya kizazi. Muuguzi husafisha kidonda kinachonuka, humpimia mgonjwa morfini ya maji, na akitoka tu mlangoni ndugu humvuta kando wakimsihi asimwambie mama ukweli. Mama akifariki, shuka hubadilishwa na kitanda hupata mwingine zamu haijaisha. Muuguzi haulizwi na mtu.

Mtasema dawa ni kuongeza wauguzi. Ni kweli, waongezwe. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Lakini huku kwenye mashine na mishahara minono wauguzi wa saratani wanachoka pia. Ndiyo maana hospitali nyingi za huku zina vikao viitwavyo Schwartz Rounds, kwa jina la Kenneth Schwartz, wakili wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Wahudumu wa kada zote hukaa pamoja kama saa moja, wakaeleza kazi inavyowagusa moyoni. Wapo watakaosema sisi tuna msikiti, kanisa na jamaa. Tunavyo, na vinasaidia sana, ila siri ya mgonjwa haipelekwi barazani. Wa kumsikiliza muuguzi ni mwenzake wa wodini.

Hospitali Teule ya Muheza imetoa tiba shufaa kwa miaka mingi, kwa hiyo ujuzi wa kukaa na wanaokaribia kufa tunao mkoani. Nawaomba viongozi wa Hospitali ya Bombo na wa hospitali za wilaya wawatengee wauguzi hawa saa moja ya kikao kama hicho kila mwezi, iandikwe kwenye ratiba ya zamu, ndani ya muda wa kazi.