Viatu vya mti vya Zaandam

Watalii huvijua viatu vya mti vya Uholanzi kwa ile rangi ya manjano ya maduka ya zawadi. Mimi nilivijua vikiwa na tope. Nilikuwa nimepata kipande cha bustani ya kukodi hapa Zaandam, kaskazini mwa Amsterdam, kwenye ardhi ya mboji iliyo chini ya usawa wa bahari na yenye mifereji kila upande. Mvua ikinyesha siku mbili, raba zinajaa maji. Jirani yangu wa bustani, mzee aliyevuka miaka 80, alinitazama wiki kadhaa nikikamua soksi, kisha akaniletea jozi ya klompen, kama wanavyoviita wenyewe. Vilikuwa vya marehemu mkewe.

Nilipopiga hatua ya kwanza kwenye vigae, ko, ko, ko, nikajiona niko Tanga kwa bibi. Bibi alikuwa na mitalawanda mlangoni mwa bafu, ile ya kushika msuruaki kwa vidole. Ukiisikia alfajiri unajua bibi yuko kwenye udhu. Lakini mtalawanda ni ubao wa kukanyagia tu. Hivi vya huku huchongwa kwenye kipande kimoja cha mti na kufunika vidole vyote. Mzee akanifundisha kuvaa soksi nene za sufu na kuacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino, maana mti hautanuki kama ngozi.

Novemba moja nilitoka zamu ya usiku nikapitia bustanini kung'oa karoti za mwisho. Vikalowa hadi ndani. Nyumbani nikavisuuza, nikaviweka juu ya hita ya ukutani, nikalala. Nilipoamka saa tisa alasiri, cha kushoto kilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi karibu na ncha.

Siku nne sikukanyaga bustanini. Mimi ambaye kazini huwaambia watu habari nzito, nilishindwa kumwambia mzee kuwa nimepasua kiatu cha mkewe. Siku ya tano nikaenda nacho kwenye mfuko. Akakigeuzageuza, akauliza neno moja: "Hita?" Nikaitikia. Akaingia bandani kwake, akatoka na waya na misumari midogo, akauzungusha waya mgongoni mwa kiatu, akaukaza, akagongelea. Kisha akanionyesha cha kulia: waya mwingine, wa zamani, ambao siku zote nilidhani ni pambo. "Naye alikuwa na haraka," akasema.

Baadaye nilikwenda Zaanse Schans, kwenye vinu vya upepo, nikamwona fundi akichonga. Mti wake ni popla, tena mbichi. Alipuliza ndani ya kiatu kilichotoka kuchongwa, na maji yakachuruzika nje kwenye ncha. Ndipo nikaelewa kosa langu: mti hunywa maji, na ukiukausha kwa moto, ngozi ya nje husinyaa kabla ya ndani, basi hupasuka. Sasa vikilowa navijaza magazeti, naviegemeza kivulini penye upepo, nabadilisha magazeti kesho yake, na sivigusi mpaka viwe vyepesi tena. Tope nalikwangua kwa kijiti na brashi ngumu, wala siviloweki kwenye ndoo. Mara moja kwa mwaka, vikiwa vikavu kabisa, napiga msasa kidogo, halafu nafuta mafuta ya mbegu za kitani kwa nje tu. Ndani naacha mti mtupu unywe jasho.

Neno moja la kikazi: mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asivivae. Kokoto ikiingia humo hataijua mpaka pawe kidonda. Mama alipokuja kunitembelea alivitamani sana, nikamnyima, akanuna hadi magharibi.

Mzee sasa halimi tena. Hukaa kwenye kiti chake mbele ya banda, na macho yake yamefifia. Nikishuka na njia ya vigae huita jina langu kabla sijafika, akiulizia vitunguu.