Kutoka Ubaoni hadi Kwenye Sanduku la Kura

Mwalimu wa Nairobi anayetaka kuendelea kuitumikia elimu baada ya kuacha darasa ana viti viwili vya kugombea, ambavyo wakazi wa Kangemi na Kawangware, mitaa ya magharibi mwa jiji ambako mwandishi wa tawasifu hii alifundisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, huvichukulia kuwa kimoja. Kiti cha kwanza kimo katika bodi ya usimamizi, yaani chombo ambacho Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikiweka katika kila shule ya umma ili wazazi, walimu, mfadhili na jamii wawe na sauti katika uendeshaji wake. Cha pili ni cha mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, ambalo hukutana City Hall, katikati ya jiji, na ambalo lilichukua nafasi ya baraza la madiwani baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mwandishi alivigombea vyote viwili, na alilokuja kulitambua ni kwamba wengi hupiga kura mahali ambapo shule haiamuliwi, na inapoamuliwa hupiga kura wachache.

Mkanganyiko huo haukutokana na ujinga wa wapigakura. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba zisizofika 100 hadi takriban 690, Dagoretti ikaingizwa jijini, na Margaret Wambui Kenyatta akaingia barazani kama diwani wake, kabla ya kuwa meya kuanzia 1970 hadi 1976. Serikali kuu ilipoyaondolea mabaraza ya wilaya jukumu la elimu ya msingi mwaka 1970, Nairobi na manispaa nyingine chache ziliachiwa jukumu hilo, kwa hiyo ingawa walimu waliajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, ambayo kila mtu huiita TSC, diwani wa zama hizo aliweza kwenda ofisi za elimu za jiji kudai darasa, choo au ua, akarudi mtaani na jibu. Kizazi kizima kililelewa kikijua kwamba shule ni mali ya City Hall, na mwandishi, aliyeanza kazi katika miaka ya 1980 akiwa na cheti cha P1, yaani daraja la ualimu wa shule ya msingi lililopatikana kwa kusoma miaka miwili chuoni baada ya sekondari, alikuwa wa kizazi hicho.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo kwa maneno machache. Jedwali lake la Nne, ambalo hugawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, liliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaiweka shule ya msingi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Fedha za kujengea madarasa nazo ziliendelea kupitia hazina ya maendeleo ya eneobunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo humsikiliza mbunge, si mwakilishi wa wadi.

Kujiuzulu ndiyo gharama ya kwanza ya siasa kwa mwalimu. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 humtaka mtumishi wa umma anayekusudia kugombea aache kazi angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, na kwa kuwa uchaguzi alioshiriki ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022, ilimlazimu mwandishi kuiaga chaki kufikia Februari 9, muhula ukiendelea. Sheria hiyohiyo ilikuwa imemdai pia mgombea wa wadi shahada ya chuo kikuu, na kama Mahakama Kuu isingekibatilisha kifungu hicho Oktoba 2021, mwenye cheti cha P1, ambaye baadhi ya wenye shahada wa mtaa ule walijifunza kusoma mbele ya ubao wake, angehesabiwa kuwa hajasoma vya kutosha kuwawakilisha.

Aliamua kuwa mgombea huru, yaani asiyedhaminiwa na chama, ambaye Katiba humtaka aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi yenyewe. Waungaji mkono hao hawatakiwi kuwa wanachama wa chama chochote, sharti linaloonekana jepesi hadi mtu akumbuke kwamba Juni 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa katika vyama bila ridhaa yao, kwa hiyo fundi cherehani aliyetia sahihi kwa moyo mweupe aliweza kukutwa baadaye ni mwanachama wa chama ambacho hajawahi hata kukisikia.

Katika mikutano ya kampeni, maswali karibu yote yalihusu shule: madawati, walimu wasiotosha, michango, karo ya sekondari. Mwandishi alijibu kwa desturi ya ualimu, akaeleza kwamba madawati na madarasa ya shule ya msingi si kazi ya wadi, na kwamba anachoweza kukipigania ni chekechea bora na basari, yaani msaada wa karo unaotolewa na kaunti, ugawanywe kwa haki. Washindani waliahidi madarasa. Hao waliitwa Mheshimiwa hata kabla kura haijapigwa, na waliombwa ya chai. Mwandishi alibaki kuitwa Mwalimu, akapewa pole na heshima tele, kisha akashindwa kwa kura nyingi.

Kiti cha bodi kilikuja baadaye, kwa njia ya mjukuu aliyekuwa akimlea, kwa sababu sheria humhesabu mlezi kuwa mzazi. Viti sita ni vya wazazi wa wanafunzi wa shule ile tu, na wanaochaguliwa huteuliwa rasmi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambayo, licha ya jina lake, ni chombo cha wizara ya kitaifa. Wazazi wa Lavington na Kileleshwa, mitaa jirani ya wenye uwezo, huwapeleka watoto shule za kulipia. Wengi wa Kangemi nao huwapeleka shule ndogo za mabati za watu binafsi, kwa kuwa za umma hazitoshi. Na hao wote hawana kura. Mwandishi alichaguliwa na wazazi waliotosha kuketi katika darasa moja.

Hata hivyo, ndani ya bodi hiyo ndimo mambo yalimoamuliwa. Januari 2023 Gredi ya Saba, mwanzo wa sekondari ya chini, ilipobaki katika viwanja vya shule za msingi badala ya kwenda sekondari, bodi ndiyo iliyotafuta chumba cha kufanyia majaribio ya sayansi, ikaajiri walinzi na mpishi, ikajadili mchango wa kumlipa mwalimu ambaye TSC haikumleta. Mwaka huohuo kaunti ilirejea shuleni kwa mlango wa jikoni, kupitia mpango wa Dishi na County wa Gavana Johnson Sakaja, ambao humpa mtoto chakula cha mchana kwa shilingi 5 zinazolipwa kwa bangili ya kielektroniki. Chakula kina bajeti na kina gari la kukileta, lakini maji ya watoto kunawa mikono na malipo ya anayesimamia foleni hayana mwenyewe, na ndiyo yaliyokula muda mrefu zaidi wa kikao cha bodi.