Kupanda ni Ghali Kuliko Kushuka

Msomaji mpenzi, je, ungekubali kulipa nauli ili upandishwe kilima kilicho karibu na mlango wako? Wakazi wa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, walikubali.

Mji huo umetandazwa juu ya visiwa na vilima. Pale Slussen, mwamba umesimama wima kama ukuta, na watu wa mtaa wa Södermalm walikuwa wakikwea ngazi wakitweta. Ndipo mhandisi Knut Lindmark akawajengea lifti ya watu wote, Katarinahissen, iliyofunguliwa mwaka wa 1883. Ulikuwa mnara wa chuma, na juu yake daraja la kuvukia hadi kilimani. Mwanzoni iliendeshwa kwa mvuke, na mwaka wa 1915 ikatiwa umeme. Nauli ilikuwa öre 5 kupanda na öre 3 kushuka. Naam, hata huko kupanda kulikuwa ghali kuliko kushuka!

Lifti hiyo ilibomolewa mwaka wa 1933. Hata hivyo, watu hawakuachiwa mwamba. Mwaka wa 1936 nyingine ilisimama mahali pake. Hiyo nayo ilifungwa mwaka wa 2010, na 2023 ikafunguliwa tena.

Kwa nini nakusimulia haya? Mama yangu ana miaka 78. Alipokuja kukaa nami ghorofa ya tano, lifti ya jengo letu iliharibika. Mwenye nyumba alibandika karatasi ya kuomba radhi. Karatasi ikachakaa, ikang'oka, na lifti ingali imelala. Kwa miezi saba mama hakukanyaga chini, si kanisani, si sokoni.

"Mwanangu, hii si nyumba, ni kiota," aliniambia. "Nirudishe Kitui."

Mimi na jirani tulimteremsha akiwa ameketi kitini. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye ngazi walinyamaza, wakatupisha.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Lakini mwenye magoti mabovu atashukaje?

Msomaji, kijana haoni ngazi. Huzipita mbili mbili. Anayezihesabu ni mzee, mja mzito na mgonjwa. Ikiwa lifti ya jengo lenu imekufa, usizoee. Kaeni kikao, wapangaji wote, mkamwone mwenye nyumba pamoja. Bisha hodi pia kwa yule wa ghorofa ya juu, umuulize ni lini alipotoka mara ya mwisho.