Nia Yangu ya Kuyazuru Makanisa Saba

Kila mtu huweka moyoni jambo moja ambalo angependa kulitimiza kabla ya kufa. Mmoja hutaka nyumba ya mawe, mwingine shamba la minazi. Mimi nia yangu ni kuyazuru makanisa saba ya kale, ambamo watumwa waliopewa uhuru walisali zamani.

Sababu yake ni hii. Mama yake bibi yangu alikamatwa akali mtoto, akapakiwa jahazini, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza. Akalelewa Mbweni, Unguja; halafu akaolewa na mwalimu wa Bonde, akaja kukaa Magila. Hakukumbuka jina la kijiji chake, wala la mama yake. Watu wengine wakiulizwa kwao ni wapi, huonyesha makaburi ya wazee wao. Sisi tukiulizwa, huonyesha kanisa.

Basi nalianza karibu, kwenye kanisa la Msalaba Mtakatifu, Magila, si mbali na Muheza. Huko Padre Farler alifika mwaka 1875, akaieneza kazi katika nchi ya Wabondei. Kisha nikavuka bahari kwenda Unguja, nikaliona kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni, pale bibi yetu alipofundishwa kusoma.

Siku ya pili nalikwenda Mkunazini. Mahali hapo palikuwa soko la watumwa, nalo lilifungwa mwaka 1873. Siku ya Krismasi mwaka uo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi. Dari yake aliifanya kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, iliyopinda kama upinde, bila mihimili ya mti. Watu walisema itaanguka, nayo ingalipo hata leo. Husimuliwa pia ya kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo kadha juu chini, na aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mbele ya madhabahu pana duara ya marumaru, na wenyeji husema hapo ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa wakipigwa mijeledi. Nalisimama hapo kitambo kirefu, nisiweze kusema neno. Nalifikiri habari za John Swedi, kijana aliyetolewa katika jahazi la watumwa, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi. Aliyehesabiwa kuwa bidhaa akawa mhudumu wa madhabahu!

Kanisa la nne ni la Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa. Mnara wa kanisa la kwanza ungali umesimama. Humo mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuuchukua mabegani kutoka Chitambo, mwendo wa miezi mingi.

Yamebaki matatu. Kusini iko Masasi, ambako Askofu Steere aliwapeleka watu waliopewa uhuru mwaka 1876, wapate kukaa karibu na nchi walizotoka. Kaskazini, karibu na Mombasa, iko Rabai, alikoanza kazi Krapf na mwenzake Rebmann mwaka 1846. Na Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875, ambako kengele ilipigwa kuwaonya watu majahazi ya watumwa yalipoonekana.

Nauli hupatikana kidogo kidogo, na magoti yangu si ya ujana tena. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Sitazamii kulipata jina la kile kijiji kilichopotea. Nataka tu kulitamka jina la bibi yetu katika kila kanisa, ili asiwe mtu asiye na kwao.

Nanyi vijana, waulizeni wazee wenu habari za walikotoka, na mziandike wangali hai. Mzee akifa bila kuulizwa, hufa na mengi.